MBWA ANAYEJIKUNA USIMPAKE OILI CHAFU

Mbwa ni mlinzi wetu. Mchana hufukuza ngedere shambani, usiku hubwekea fisi na wezi. Lakini akianza kujikuna na kunyonyoka manyoya, wengi wetu humfukuza, au humpaka oili chafu ya gari. Jamani, oili hiyo ni sumu! Mbwa huilamba, na anaweza kuugua au kufa.

Kwanza tujue kinachomwasha.

VIROBOTO: Hupenda mgongo, karibu na mkia. Mayai yao huanguka pale mbwa anapolala. Ukimtibu mbwa ukaacha gunia lake, umefanya kazi bure.

KUPE: Hujishika masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Jike akishiba damu huanguka, halafu hutaga mayai maelfu katika nyufa za ukuta.

UKURUTU: Huletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi na kutaga humo. Mara nyingi huanzia ncha za masikio, viwiko na tumbo. Ngozi huwa nene na hutoa magamba. Huambukiza mbwa wengine upesi. Hata watoto wanaocheza naye wanaweza kuwashwa na kutoka vipele.

Basi tufanye nini?

1. Choma magunia anayolalia, fagia banda na ziba nyufa.

2. Kupe wachache wang'oe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi. Usiwaponde kwa vidole.

3. Mpe vyakula vya kujenga mwili, kama dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa. Ugali mtupu hauoteshi manyoya mazuri.

4. Akiwa na ukurutu, mwone bwana mifugo. Usikisie dawa ya josho la ng'ombe. Kipimo kikizidi, mbwa hufa.

5. Rudia dawa kama ulivyoelekezwa. Dawa ya kwanza huweza kuua wadudu ikaacha mayai, nayo huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Mbwa wote wa nyumbani watibiwe pamoja.

Ukimwona bwana mifugo, ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa.

JADILIANENI KIKUNDINI: Kijijini kwetu mbwa wangapi wanajikuna? Ukimtibu wako, na wa jirani asitibiwe, itakuwaje? Je, tunaweza kumwita bwana mifugo awaone wote siku moja?