JE, MAHARAGWE YANA SUMU?

Kuanzia Thika hadi Ruiru ni nadra siku kupita bila githeri. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba maharagwe hujenga mwili. Lakini je, wajua kwamba punje hiyo hiyo ina sumu?

Usishtuke. Mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu wala meno ya kumwuma. Silaha yake ni sumu, nayo huilimbikiza kwenye mbegu, yaani mtoto wake. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zaweza kukutapisha na kukuharisha baada ya saa chache.

Kiasi cha sumu katika mikunde si kimoja kila msimu. Hutegemea aina ya mbegu, udongo na mvua. Mfano ulio wazi uko kwa jirani zetu wa Ethiopia. Huko hulimwa mkunde uitwao guaya, wenye protini nyingi na uwezo mkubwa wa kustahimili ukame. Mvua ikikosekana, au udongo ukipungukiwa na madini ya zinki, sumu yake huongezeka. Balaa ni kwamba ukame huo huo ndio humwacha maskini bila chakula kingine. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya ukame huko Wollo, watu wengi walikula guaya miezi mfululizo wakalemaa miguu. Ulemavu huo hauponi, na kupika hakuimalizi sumu yote.

Sisi tuna bahati, kwani sumu ya maharagwe yetu hushindwa na moto. Hata Rosecoco na Mwitemania, mbegu zilizotokana na utafiti wa hapa Thika, hazina budi kuiva. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa moto mkali angalau nusu saa. Huku kwetu, mita 1,600 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa, basi tuongeze muda. Moto wa kuvugavuga ni hatari: kwenye nyuzi 80 sumu yaweza hata kuzidi ya punje mbichi.

Kwenye foleni ya chakula nasikia wenzangu wakisema, "Ngumu ndiyo ya kujenga meno!" Huo si mzaha, jamani. Makaa yakipanda bei watu hupika juu juu, na tumbo ndilo hulipa deni. Wapishi wetu, msizionee kuni huruma. Mvumilivu hula mbivu.