Nyumba Bora, na Miti Ibaki



Miaka minane iliyopita nilijenga nyumba yangu ya matofali ya kuchoma hapa Ukambani. Udongo ulikuwa wangu, kuni zilikuwa zangu, nikajisifu kwamba nimejenga kwa bei rahisi. Matanuru mawili yalikula miti yote ya ukingoni mwa kijito, miti aliyoipanda marehemu baba. Mchanga wa lipu niliuchota mtoni.

Leo nyumba ni nzuri, lakini ukingo umebomoka na korongo limekula matuta mawili ya shamba. Kisima chetu cha mchangani sasa hukauka mapema, kwa sababu mchanga ndio uliokuwa ukiyatunza maji. Hasara hiyo sikuiandika daftarini, nami ni karani!

Mwaka jana mzee mmoja jirani alifika ofisini. Mwanawe ataka kuoa, na nyumba hana. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulichoma matofali mangapi?" Nikamjibu, "Mzee, katika jambo hili usinifuate."

Iko njia nyingine, nayo ni matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hii ilitengenezwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na fundi mhandisi Raúl Ramírez. Haitaki moto wala mafuta, ila nguvu za mikono tu.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza ondoeni udongo mweusi wa juu, mwurudishe shambani, kwani huo ni chakula cha mimea. Chimbeni ule wa chini, mwuchekeche kwa wavu wa waya.

Pili, upimeni udongo. Tengenezeni kisanduku cha mbao, ndani urefu sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipakeni mafuta, mjaze udongo uliolowa, mkianike juani siku tatu. Kisha usukumeni udongo upande mmoja, mpime nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki milimita 15, changanyeni karai 1 la simiti kwa makarai 18 ya udongo. Ikiwa 15 hadi 30, makarai 16. 30 hadi 45, makarai 14. 45 hadi 60, makarai 12. Ikizidi hapo, udongo huo ni mfinyanzi mno; tafuteni mwingine.

Tatu, tieni maji kidogo tu. Finyangeni donge mkononi, mliangushe chini kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vichache, maji yatosha. Likibaki bonge kama ugali, yamezidi. Mchanganyiko utumike kabla ya saa moja kwisha, maana simiti haingoji mtu.

Nne, msiyaanike matofali juani! Hapa ndipo wengi hukosea. Yafunikeni kwa nailoni au nyasi, myanyunyizie maji siku saba, kisha mngoje mpaka siku 28 zitimie.

Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 waweza kutoa matofali 70 hadi 100, kadiri ya udongo na ukubwa wa mashine. Yale yenye meno hushikana yenyewe, kwa hiyo mchanga na simiti ya kujengea hupungua sana. Lakini msingi uwe wa mawe, na mabati yatokeze nje vizuri, maana adui wa ukuta huu ni maji.

Mashine ni ghali kwa mtu mmoja. Mzee wetu na majirani watano walichanga fedha, wakaikodi pamoja, wakasaidiana zamu kwa zamu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Katiba hiyo hiyo yaitaka Serikali ijitahidi miti ifunike angalau sehemu 10 katika kila 100 za nchi. Wengine hudhani mambo hayo mawili yanapingana. Mimi pia nilidhani hivyo nilipokuwa nimeshika shoka.

Sasa mwana wa mzee ana nyumba ya vyumba viwili, na miti ya baba yake ingali imesimama kijitoni. Mimi ninapanda upya pale korongoni. Miche yangu bado haijafika magotini.