Programu Kongwe: Tuhame kwa Mpango

Wazee wetu walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Wako baadhi ya watumishi wa umma walioigeuza hekima hiyo kuwa kisingizio. Ukiwauliza kwa nini daftari la mishahara lingali likiendeshwa kwa programu ya kompyuta ambayo mtungaji wake amekwisha kustaafu, hujibu kwamba maadamu inafanya kazi, na iachwe. Jawabu hilo halitoshi.

Programu haiozi kama ubao wa jahazi. Maandishi yake hubaki yale yale, lakini mafundi wanaoifahamu huondoka, mashine zinazoikubali huadimika, na kampuni iliyokuwa ikiziba nyufa zake huacha kufanya hivyo. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wananchi wengi wa jimbo la New Jersey, Marekani, waliopoteza kazi kwa sababu ya UVIKO-19 walipokuwa wakidai malipo yao, Gavana Phil Murphy alilazimika kuomba hadharani wajitokeze kujitolea watu wanaoijua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Hatari hii haiko ng'ambo peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Ofisi inayoendelea kuitumia bila ya kinga nyingine imelala mlango wazi.

Hata hivyo, kuhama kwa pupa nako kuna msiba wake. Mwezi wa Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake katika mtambo mpya kwa mkupuo mmoja. Wateja wapatao milioni 1.9 wakashindwa kuzifikia akaunti zao, na mambo hayakutengemaa hadi Desemba. Mwaka 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kuihamishia programu ile ile katika mashine mpya. Gharama yake ni ndogo, lakini ugonjwa hubaki. Ya pili ni kununua programu iliyo tayari. Hapo mkataba hauna budi kutamka kwamba kumbukumbu ni mali ya Serikali na zitakabidhiwa wakati wowote zikidaiwa. Ya tatu ni kuiandika upya sehemu baada ya sehemu, ya zamani na mpya zikienda sambamba, na hesabu zao zikilinganishwa mpaka zikubaliane. Kwa pensheni na hati za ardhi, tunaipendekeza hii ya tatu.

Kila idara na ianze kwa kuorodhesha programu zake, umri wa kila moja, nani anayeifahamu, na nakala za kumbukumbu zimehifadhiwa wapi. Wale wanaozifahamu waandike wanayoyajua kabla ya kustaafu. Mzee aliyelitumikia taifa hili miaka 30, akivuka bahari kufuata haki yake, asije akaambiwa kwamba jina lake limepotea ndani ya mashine.