Je, Wajua? Vijidudu vya Ziwa Victoria na Majina Yao

Je, wajua kwamba ule utando wa kijani unaotanda ufukweni Mwanza maji yakitulia si mwani? Tumezoea kuuita mwani, na wataalamu nao waliuita hivyo kwa miaka mingi, lakini ni bakteria. Mmoja wao ni Microcystis, mwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli vinavyomwezesha kuelea. Kwa kuwa wa kwanza kulichunguza kundi hili walikuwa wataalamu wa mimea, majina yake yamekuwa chini ya vitabu viwili vya sheria, cha mimea na cha bakteria. Jirani yake Anabaena naye amepasuliwa: wale wanaoelea walihamishiwa jenasi mpya, Dolichospermum, mwaka 2009, baada ya vinasaba kuonyesha kwamba undugu wao na wale wanaoishi chini ya maji haukuwa wa karibu kama ilivyodhaniwa. Na hili tafadhali lishike: sumu ya Microcystis hushambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Usichote penye utando.

Je, wajua kwamba majina ya bakteria yalianza upya tarehe 1 Januari 1980? Siku hiyo orodha rasmi ilianza kutumika, na maelfu ya majina ya zamani yasiyokuwamo yakapoteza hadhi. Siku hizi, anayegundua bakteria mpya, awe Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Berlin, hana budi kuchapisha maelezo yake na kuhifadhi bakteria huyo akiwa hai katika hazina mbili zilizo katika nchi mbili tofauti.

Je, wajua kwamba rangi iliyobuniwa mwaka 1884 bado hutumika maabara kila siku? Ni ya Mdenmark Hans Christian Gram. Bakteria akibaki zambarau yuko kundi moja, akigeuka waridi yuko jingine, na daktari anapata fununu ya dawa ipi ianze.

Je, wajua kwamba kimelea cha malale kiliwahi kupewa jina la Uganda? Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilifyeka watu zaidi ya 200,000 kwenye pwani na visiwa vya upande wa Uganda. Mwitaliano Aldo Castellani, akiwa Entebbe, alikiona kimelea kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 akakiita Trypanosoma ugandense. Jina halikudumu. Mwaka mmoja kabla, Joseph Dutton alikuwa amekwisha kukitaja kimelea hicho hicho kutoka Gambia kuwa gambiense, na sheria ni moja: aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye jina. Leo gambiense ni tawi la Trypanosoma brucei, aliyepewa jina la David Bruce. Tawi jingine ni rhodesiense, na ndilo linaloleta malale Tanzania. Yaweke yote mawili chini ya hadubini, hutaona tofauti hata ukikesha. Kinachosaidia kuwatambua ni jeni moja, SRA, ambayo rhodesiense anayo na mwenzake hana; ndiyo inayomkinga na kinga iliyomo kwenye damu ya binadamu. Huniuma kwamba katika majina yote hayo hamna hata moja la mvuvi au mkulima wa ziwa hili, ilhali damu iliyochunguzwa ilikuwa yao.

Je, wajua kwamba mwiba mdogo uliamua jina la kichocho cha ziwani? Kichocho huletwa na mnyoo, ila mayai yake huonekana kwa hadubini tu. Yai lenye mwiba ubavuni hutoka na choo kikubwa. Lenye mwiba nchani hutoka na mkojo. Wengine walidai ni mnyoo mmoja. Louis Sambon akakataa, na mwaka 1907 yule wa mwiba wa ubavuni akamwita Schistosoma mansoni, kumuenzi Patrick Manson. Huyo ndiye anayewasumbua wavuvi wa Ukerewe na Ukara.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam imo ndani ya jina la bakteria? Ni Salmonella enterica, nususpishi salamae. Katika aina zaidi ya 2,500 za Salmonella, nyingi zikiitwa kwa miji zilikogunduliwa, Zanzibar na Kisarawe pia zimo.

Je, wajua kwamba Zika ni msitu ulio karibu na ziwa hili, kando ya Entebbe? Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waliweka kima wa kutegea mbu juu ya miti. Kima namba 766 akapata homa, na damu yake ikatoa virusi vipya. Sasa jina lake la kisayansi ni Orthoflavivirus zikaense.

Je, wajua kwamba Marburg ni mji wa Ujerumani, lakini tumbili walioupelekea ugonjwa mwaka 1967 walitoka Uganda? Virusi vya Marburg vilizuka Kagera mwaka 2023. Na hapa kuna jina la kwetu: mwaka 1980 daktari Shem Musoke wa Nairobi aliambukizwa akimhudumia mgonjwa, akapona. Virusi vilivyopatikana kwake vinaitwa Musoke, na hadi leo hutumika maabara kupimia chanjo za Marburg.