Sura ya Nne: Meli ya Mateka na Mwana wa Malindi

Kuiteka meli ya kivita yaweza kuwa kazi ya siku moja. Kujua kuiendesha ni kazi ya miaka. Mtekaji hupata mlingoti, foromali, jarari na mizinga. Mikono inayojua kamba ipi ilegezwe upepo ukigeuka, hiyo mara nyingi imekufa au imekimbia. Meli ya mateka hufika pale tu ujuzi wa mtekaji unapoishia.

Katika pwani yetu, ujuzi huo alikuwa nao Yusuf bin Hassan, wa ukoo wa masultani wa Malindi. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walimhamishia babu yake Mombasa atawale chini yao. Urafiki haukudumu. Mwaka 1614 baba yake, Sultani Hassan, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa. Yusuf, angali mtoto, alipelekwa Goa. Mapadri wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua akatumikia katika meli za kivita za Wareno, akajifunza kulenga mzinga.

Alirudi Mombasa kama sultani. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarejea katika Uislamu. Januari 1632, msimu wa kaskazi, Wareno walikuja na jeshi kutoka Goa. Wakaizingira ngome miezi miwili, wakashindwa.

Yaliyofuata yanaelezwa na pepo. Tarehe 16 Mei, kusi imeshashika, Yusuf aliiacha ngome ikiwa imeharibiwa, akang'oa nanga katika meli aliyoiteka kwa Wareno. Ukitoka mlango wa Mombasa wakati huo, kusi iko mgongoni: unapita Mtwapa, Kilifi, Watamu, kisha Malindi iko kushoto kwako, na mbele ni Arabuni. Chombo kilicholetwa kuwatiisha watu wa pwani sasa kilikuwa makao ya sultani asiye na nchi, aliyewawinda Wareno baharini mpaka alipouawa katika Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Juu ya lango la ngome lingali jiwe ambapo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na miaka 27, anajisifia wafalme aliowatiisha. Meli ya Yusuf haina jiwe. Wareno walimnyang'anya baba na mji wa babu zake. Walichompa ni elimu ya meli, nayo ndiyo aliyoondoka nayo.