Je, Wajua? Pikapu na Kamyo za Haibridi Kwenye Barabara za Tanganyika

Kalemie, katika jimbo la Tanganyika huko Kongo, ni mji wa bandari na reli, lakini mzigo ukishashuka melini au kwenye behewa, kazi iliyobaki ni ya kamyo. Barabara ni mbovu, masika huzidi kuziharibu, na mwenye gari anajua kwamba mazuti ndiyo yanayomlia faida. Gari la haibridi, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, linasifiwa duniani kwa kupunguza matumizi ya mafuta. Je, sifa hizo zinafika hadi kwetu? Soma mambo haya tisa, kisha upige hesabu yako.

1. Je, wajua kwamba haibridi ina zaidi ya miaka 120?

Mwaka 1900, Ferdinand Porsche alitengeneza huko Vienna gari ambalo injini zake za petroli hazikuzungusha magurudumu. Zilizungusha jenereta, na umeme wake ukaendesha mota zilizofungwa ndani ya magurudumu yenyewe. Teknolojia hiyo ililala kwa miaka mingi kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi na betri zilikuwa nzito. Iliamka pale Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Magari ya mizigo yakafuata: Hino ilitoa kamyo ndogo ya haibridi mwaka 2003, na Mitsubishi Fuso ikatoa Canter ya haibridi mwaka 2006.

2. Je, wajua kwamba mzigo maarufu zaidi kuwahi kuletwa Kalemie ulivutwa kwa nguvu za aina mbili?

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, ili kupambana na meli za Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Kila boti ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Fungurume zilipandishwa milima ya Mitumba zikivutwa na matrekta ya mvuke, na pale kilima kilipozishinda mashine, ng'ombe waliongezwa kwenye minyororo. Kisha zikapita kwa reli, kwa mto Lualaba, na tena kwa reli kutoka Kabalo hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Kanuni iliyozipandisha ndiyo kanuni ya haibridi hadi leo: nguvu moja inafanya kazi ya kila siku, ya pili inaingia pale pagumu.

3. Je, wajua kwamba umeme wa haibridi ya kawaida hautoki kwenye soketi?

Unatoka kwenye breki na kwenye injini. Dereva anapopunguza mwendo, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo ingepotea kama joto kwenye breki inarudi kwenye betri. Kwa mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, hilo ni jambo kubwa: haibridi ya kawaida haikungojei uichaji. Faida nyingine ni kwamba breki zenyewe hudumu zaidi, kwa kuwa mota inafanya sehemu ya kazi yake.

4. Je, wajua kwamba haibridi inaokoa mafuta zaidi mjini kuliko safarini?

Tazama vipimo rasmi vya Marekani vya Ford F-150 ya mwaka 2021 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ile ya petroli pekee, yenye injini ya lita 3.5, hutumia takriban lita 13 kwa kilomita 100 mjini. Ya haibridi, yenye injini ya ukubwa uleule, hutumia chini ya lita 10. Lakini kwenye barabara kuu tofauti inakaribia kufutika: lita 10.2 dhidi ya 9.8. Sababu ni ile ya breki. Pasipo kusimama na kuondoka hakuna cha kurudisha kwenye betri. Anayezunguka siku nzima kati ya bandari, soko na maghala atauona unafuu. Anayekwenda mwendo mmoja kwa saa nyingi atauona kidogo.

5. Je, wajua kwamba mteremko mrefu hujaza betri kabla hujafika chini?

Nyanda za juu za Marungu, upande wa kusini, zinapita mita 2,000, na ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Chukua pikapu ya tani tatu inayoshuka mita 1,000. Mteremko huo unabeba nishati ya takriban kilowati-saa 8. Betri ya Toyota Tundra ya haibridi, iliyotoka mwaka 2022, inahifadhi kilowati-saa 1.87 tu. Hata ukitoa kinachopotea njiani, betri itajaa mapema na mota haitakuwa na pa kuupeleka umeme. Kwa hiyo shoferi wa haibridi, kama shoferi mwingine yeyote, ashuke kwa gia ndogo. Asiitegemee mota imshikie gari hadi chini.

6. Je, wajua kwamba haibridi hazilingani?

Toyota Hilux ya haibridi ya volti 48, iliyofika Afrika Kusini mwaka 2024, ni haibridi nyepesi. Betri yake ina uzito wa kilo 7.6 na imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Mota yake ina kilowati 12. Inaisaidia injini ya dizeli kuondoka na kupanda, lakini haiwezi kuliendesha gari peke yake. Uwezo wake wa kuvuka maji umebaki sentimita 70, sawa na wa Hilux ya kawaida. Toyota wanasema inaokoa mafuta hadi asilimia 5.

Piga hesabu. Kama pikapu yako inakunywa lita 10 kwa kilomita 100, asilimia 5 ni nusu lita. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, umeokoa lita 100. Zidisha kwa bei ya lita moja hapa kwetu, kisha linganisha na nyongeza uliyolipa dukani. Hesabu hiyo ni ya dakika moja na ina thamani kubwa kuliko tangazo lolote.

7. Je, wajua kwamba pikapu inaweza kuwasha nyumba?

F-150 ya haibridi inaweza kuuzwa ikiwa na soketi zinazotoa hadi kilowati 7.2. Mwezi Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme Texas, Ford iliwaomba wauzaji wake wawaazime watu pikapu hizo ili wawashe nyumba zao. Fikiria nguvu hiyo Kalemie: majokofu ya samaki, mashine ya kuchomelea vyuma, taa za zahanati usiku umeme wa kituo cha Bendera ukikatika. Kwa fundi au mfanyabiashara anayenunua jenereta na gari kwa pamoja, huenda hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Lakini nguvu ina bei yake pia: betri na mota zina uzito. F-150 hiyo ya haibridi hubeba mzigo usiozidi kilo 960 hivi, wakati ya petroli yenye injini ya lita 3.5 inaweza kufika zaidi ya kilo 1,400. Magunia ya ndagala yaliyobaki nyuma ni hasara nayo, ihesabu.

8. Je, wajua kwamba vumbi linaweza kuiua betri?

Haibridi nyingi hupoza betri kwa feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, mara nyingi kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, nywele au mizigo, betri inapata joto, na joto huifupishia maisha. Kwenye barabara zetu za udongo, kichujio chake kisafishwe mara kwa mara. Ni kazi ya dakika chache na bisibisi. Kisichochezewa ni nyaya za rangi ya machungwa. Hizo hupitisha umeme wa kuua: betri ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6. Fundi asiyefunzwa, asiye na glavu maalumu, asiziguse.

Betri yenyewe ndiyo gharama kubwa inayokungoja. Marekani, Toyota inaidhamini betri ya haibridi kwa miaka 10 au kilomita 240,000 hivi kwa magari ya kuanzia mwaka 2020. Gari lililotumika, lililonunuliwa ng'ambo na kupitia Dar es Salaam na Kigoma, kwa kawaida halikuletei dhamana yoyote. Kabla ya kulipa, dai betri ipimwe kwa kompyuta, na matokeo yaonyeshe hali ya kila sehemu yake.

9. Je, wajua kwamba madini ya betri yako chini ya miguu yetu?

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba na Haut-Katanga. Ndani ya jimbo letu la Tanganyika, Manono, mji uliojengwa na bati, umelala juu ya mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Hata hivyo betri inayoharibika Kalemie inaagizwa kutoka nje, kwa dola. Madini yanatoka ghafi, kifaa kinarudi ghali. Hiyo ndiyo gharama ya haibridi ambayo mnunuzi mmoja hawezi kuiondoa, na inafaa wakubwa wa jimbo waizungumze kila mkataba wa Manono unapofunguliwa.

Basi hukumu ni hii. Kama kazi yako ni ya mjini, ya kusimama na kuondoka, na unahitaji umeme wa kazi, haibridi inaweza kukulipa, mradi uwe na fundi anayeijua na fedha iliyotengwa kwa ajili ya betri. Kama unapeleka mzigo mzito porini, mbali na fundi wa umeme, kamyo ya mazuti ya kawaida bado ndiyo chaguo la busara. Na kwa wazazi wenye vijana kwenye shule za ufundi: wasisitizieni wasome umeme wa magari pamoja na injini. Magari haya yatakuja, na mji wenye mafundi ndio utakaofaidi.