Usiuze Korosho Zikiwa Bado Maua

Ndugu mkulima, mikorosho inapotoa maua, nyumba nyingi za Mtwara huwa hazina fedha. Ni mwezi wa Julai au Agosti. Mtoto anataka sare ya shule. Shamba linataka vibarua. Ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme anakupa sh. 60,000. Wewe unamwahidi kilo 60 za korosho. Msimu ukifika, bei ya mnada ni sh. 3,000 kwa kilo. Basi umelipa sh. 180,000 kwa mkopo wa sh. 60,000! Na anayepima kwa bakuli ni yeye, si wewe.

Shida hii si ya kwetu tu. Zamani wakulima wa Ujerumani walikopa kwa matajiri, wakanyang'anywa ng'ombe na mashamba. Mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo katika kijiji cha Heddesdorf. (Huyu si mmoja wa Wajerumani waliopigana na babu zetu katika Vita vya Maji Maji. Alikufa mwaka 1888.) Wanachama waliweka akiba mahali pamoja. Mwenye shida alikopa hapo kwa riba ndogo. Walijuana, na wote walidhamini deni. Kwa hiyo aliyekopa aliona haya kutolipa.

Leo chama cha namna hiyo tunakiita SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo. Tuseme riba yake ni sh. 2 kwa kila sh. 100 kwa mwezi. Ukikopa sh. 60,000 kwa miezi 5, utarudisha sh. 66,000. Korosho zako zote zinakwenda mnadani.

Hapa nchini ushirika umeona mengi. Mwezi wa Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Sheria ya mwaka 1991 ikasema chama ni mali ya wanachama, nao hujiunga kwa hiari. Lakini wazee wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Tusiwalaumu.

Hata hivyo, wilaya ya Tandahimba ilipata benki yake ndogo, Benki ya Wananchi Tandahimba, yaani TACOBA. Baadaye iliunganishwa na Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro. Hapo ikapatikana Benki ya Ushirika Tanzania. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 28 Aprili 2025. Korosho za Tandahimba na kahawa ya Moshi zimekutana katika benki moja.

Lakini wewe uliye Msimbati au Kilambo, benki haitakuja mlangoni kwako. Anza na chama cha hapo kijijini.

Nacho kiangalie kwa macho yako. Mimi bwana shamba niliwahi kuweka akiba katika chama kimoja. Kwa miaka 2 hatukuuliza habari za vitabu. Tuliona aibu, kwa sababu mtunza fedha alikuwa mtu mpole na mwenye heshima. Siku tuliyouliza, sanduku lilikuwa tupu.

Wewe sasa unajua kusoma. Mkutano ukianza, omba kitabu cha benki. Tafuta jina lako, kisha soma tarakimu iliyo mbele yake kwa sauti.